Kichwa cha Mdogo Wako

Shemeji yangu,

Salamu nyingi, nyingi kiasi cha kukuchosha. Natumaini goti lako limeacha kukununia na kwamba bado unawafokea wakwe zako kwa sauti ileile. Mimi ni mzima, na uzima huu ndio unaonitia aibu. Usiucheke mwandiko, shule niliiacha mapema, kwa hiyo nukta na mkato naviweka pale ninapochoka.

Ulipopiga simu kumuulizia mdogo wako, binti yangu alikujibu kwamba mama anaendelea na matibabu. Hakukudanganya, amekupunguzia tu. Mimi nakuongezea.

Daktari alitueleza kwamba dawa ya saratani anayotundikiwa kwenye dripu inaua ugonjwa, na askari wa mwili inawaua pia. Kijidudu ambacho wewe ungekipiga chafya moja kikaenda zake, kwake yeye ni jeshi zima. Tukapewa karatasi ya masharti. Binti yangu akaibandika kwenye mlango wa jikoni, akageuka afande. Mikono ioshwe kabla ya kumgusa mama. Matunda yamenywe. Mwenye mafua asivuke kizingiti. Kucha za mama ziwe fupi, asije akajikwaruza. Joto lipimwe asubuhi na jioni, likifika thelathini na nane, hospitali mbio. Alininawisha mpaka nikamuuliza kama anafanya mazoezi ya kuniosha maiti. Hakucheka. Mama yake ndiye aliyecheka, chumbani, akakohoa.

Baada ya dripu ya pili nywele zikaanza kutoka. Unazijua nywele zile, umezisuka wewe tangu mkiwa wadogo. Akawa anaziokota kwenye mto moja moja. Mwisho akaniambia nichukue mashine nimalize. Nimenyoa watu miaka arobaini na sita, na kichwa cha mke wangu nilikuwa sijakinyoa hata siku moja. Nikamnyoa, akajifunga kitambaa, nikamwambia sasa amefanana na wewe, ila mzuri.

Siku ya tano joto likafika thelathini na nane na nusu. Binti alitoka na kiatu hiki mguu huu, kingine mguu ule. Wakamlaza chumba cha peke yake. Daktari akauliza kama ana jeraha popote, nikasema hana. Kesho yake nesi akafungua kile kitambaa, akakuta nyuma ya sikio pamevimba, panawaka moto. Mdogo wako alikuwa bado na sauti. Akasema alijikuna mwenyewe kwa kucha.

Sasa kucha zile ni kazi ya binti yangu, kila Jumamosi, na Jumamosi ile alisahau. Tangu siku hiyo hali chakula, anakaa kwenye benchi la korido na kikata kucha mkononi. Jana aliniambia kwamba yeye ndiye aliyemuua mama yake. Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega. Nikamwambia asiseme hivyo, mama hajafa. Basi, nikaishia hapo.

Shemeji, si kucha. Ni mimi.

Nesi alikuwa amenikataza wembe mbele ya mke wangu, akasema mkato mdogo tu kwake ni mlango wazi. Lakini mashine iliacha mabua. Akapapasa kichwa, akalalamika kwamba wanaume wa mtaa mzima nawang'arisha, kazi yake yeye nailipua. Alikuwa ananitania tu. Mimi nikaingiwa na sifa za kazi, nikatoa wembe. Kilikuwa kimebaki kipande nyuma ya sikio. Ningenyamaza kimya dakika moja tu, tungemaliza salama, lakini lini nimenyamaza? Nikamtupia mzaha, akacheka, kichwa kikatikisika mkononi mwangu. Nilibana kwa jiwe la shabu, damu ikawa inakataa kukatika. Ilipokatika, tulitazamana kama watoto waliovunja sahani, tukaiogopa sauti ya binti yetu wenyewe. Kitambaa kikafunika yote. Alivyomwambia nesi kuhusu kucha alikuwa ananificha mimi, na hakujua anamtwisha mwanawe.

Leo asubuhi daktari ametuambia damu yote imeshaingia vijidudu na dawa hazishiki. Anayetaka kumwona aje. Mke wangu hanijibu tena, hata nikimtukana.

Binti nimejaribu kumwambia mara tatu. Nafungua mdomo, unatoka mzaha. Panda basi la kwanza, shemeji. Ukifika, kabla hujaingia kwa mdogo wako, mkalishe mtoto wangu pembeni umsomee barua hii, na uisome yote. Akitaka kunipiga, usimzuie. Nitakuwa kwenye benchi hilohilo.

Wasalimie wote wa nyumbani. Wa huku mmoja hawezi kukusalimia.

Ni mimi,
Kinyozi, mume wa mdogo wako