Msumari wa Picha Yako

Chumba cha Uani, Nyuma ya Kanisa
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi na watoto hawajambo? Nadhani ni afya njema inayokuzuia kupokea simu, maana mgonjwa angeshatutafuta. Sisi wazima, na cherehani yangu bado inakohoa.

Kanisa letu limepata paa jipya. Kuna mfuko wa hisani unaosaidia makanisa madogo, na pia watu wazima wenye kipato kidogo. Mchungaji aliomba mabati, kisha akamwombea mama yako matibabu ya macho. Hukujua kwamba alikuwa na mtoto wa jicho, kulia na kushoto? Ndiye mtoto pekee aliyebaki naye nyumbani.

Watu wa mfuko hawatoi kitu mpaka wafike kwa mhitaji waone anavyoishi. Na mwenye mtoto anayejiweza hawamsaidii. Mchungaji aliitazama picha yako ukutani, ulivyoegemea lile gari, akaniambia, "Hiyo itatuponza." Nikaitoa. Mama yako, mama mkubwa wangu, nikamwomba aseme hana mtoto. Niliogopa atajisahau, kwa sababu zamani kila mgeni alipewa habari zako kabla ya kupewa maji.

Wakaja wawili, wakakaa kitandani. Wakamuuliza kama ana mtoto.

"Nilikuwa naye mmoja," akasema. "Nilishamzika."

Kaka, sauti haikutetemeka hata kidogo. Mgeni mmoja alilia, na mchungaji, aliyekubatiza mwenyewe, akampa mama yako pole.

Walipoondoka nilicheka, nikamsifu kwa kuigiza. Yeye hakucheka. Nilikuhurumia, lakini si sana. Asiyekuwapo na lake halipo.

Alitibiwa, na sasa anaona vizuri. Ananitungia uzi kwenye sindano, na juzi aligundua doa nililolificha kwenye gauni la mteja. Siku hiyohiyo nilipanda kiti nikitaka kuirudisha picha yako. Akaniambia nimwachie huo msumari, anataka kutundika mkoba.

Picha iko nyuma ya kabati, haijapata vumbi sana. Ukija, mlangoni taja jina kwanza.

Mjomba Kobe na Shangazi Redio wanakusalimu. Mama yako sijamwambia kwamba nakuandikia.

Mungu akutunze, na akuonyeshe njia ya kurudi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado,
Fundi