Siku Niliyoyaona Maji

2 Agosti

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limetulia. Sisi hatujambo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mimi na wewe tunakatizana kauli kabla salamu hazijaisha.

Watoto wanakuja na barua hii, shangazi yao anawaleta. Watakaa kwako wiki tatu mpaka nimalize mafunzo yangu ya maabara. Yule mkubwa tunamwita Bi Kwanini, ana miaka saba, na utajua mapema jina limetoka wapi. Mdogo wake, Kifungo, ana minne. Hawajawahi kulala kwako na sababu unaijua. Sharti langu ni moja: wakiuliza kitu, usiwaambie "nyamaza." Mimi uliniambia hivyo mpaka nikaacha kukuuliza, halafu nikaacha kuja. Ukiwaambia hata mara moja, nawafuata.

Kifungo hali vitunguu.

Mwanao

9 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti linalalamika lakini linakwenda. Wajukuu wangu hawajambo kabisa. Kifungo amekula vitunguu wiki nzima bila kujua, usimwambie.

Jana niliwapeleka kwenye kile kituo cha sayansi cha watoto, pale palipokuwa bohari. Nilidhani ni bembea tu. Bembea zipo, uwanja mzima, lakini ndani, mwanangu! Kuna mpira unaoelea juu ya upepo, hauna uzi, hauna chochote. Kifungo alipitisha mkono chini, juu, pembeni, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye ninayemfanyia mchezo. Kuna ukuta unaoshika kivuli: unaruka, taa inamulika mara moja, unaondoka, kivuli chako kinabaki ukutani kikiwa bado hewani. Na mimi niliruka. Kwa goti hilihili.

Kisha tukaingia chumba cha maji. Mabomba ya plastiki angavu, kutoka sakafuni hadi darini, yanazungusha magurudumu na kurusha chemchemi. Miaka arobaini na moja nimekuwa fundi bomba. Nimeyasikiliza maji ukutani kwa sikio, nimeyapapasa gizani, lakini sijawahi kuyaona yakitembea. Yanajinyonga kwenye kona! Yanapanda huku mapovu yanapishana! Nilisimama mdomo wazi, machozi yakanitoka mbele ya watoto wa watu.

Sasa kosa langu, heri ulisikie kwangu. Kwenye kiungo kimoja maji yalikuwa yanachuruzika. Fundi hawezi kuona hivyo akapita. Spana ninayo mfukoni siku zote, nikakaza. Papo hapo magurudumu yote yakasimama, chemchemi ikakata, watoto kama ishirini wakanigeukia. Bi Kwanini akanivuta shati: "Babu, mbona umefunga? Si ndiyo maji yanayosukuma gurudumu?" Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikamwambia, "Nyamaza!"

Akanyamaza. Tangu jana hajaniuliza kitu, hata chumvi ilipo. Ningeweza kukuficha, nikashindwa.

Baba yako

11 Agosti

Baba,

Shikamoo. Sisi huku salama. Nimesoma barua yako mara mbili. Asante kwa kusema kweli, lakini tulikubaliana. Jumamosi nakuja kuwachukua. Naomba uwakunjie nguo zao.

Mwanao

13 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima. Nguo nimezikunja na sikubembelezi, haki unayo.

Nilimwomba Bi Kwanini radhi. Akafikiri, akasema nikawaombe radhi na wale wa kituo. Basi leo tumerudi. Binti mmoja mhudumu alicheka, akasema kiungo kile tayari kimefunguliwa. Nikaona niitumie nafasi: nikaanza kumuuliza. Nimeuliza maswali kumi na moja, Bi Kwanini alihesabu. Binti alipoitwa kwingine, mjukuu wangu akashika zamu, akanieleza kwa vidole na kikombe. Hewa ina uzito! Ulijua? Imetulalia kichwani tangu tuzaliwe na hakuna aliyeniambia. Nimetembea mpaka nyumbani nikitazama juu.

Jumamosi njoo salama.

Baba yako

17 Agosti

Baba,

Shikamoo. Nimefika kwangu jana jioni, sina neno.

Nilikuja huko na begi tupu la kutilia nguo zao. Jirani akaniambia mko kituoni, nikaja moja kwa moja na hasira zangu. Nikasimama mlangoni pa chumba cha maji, hamkuniona. Ulikuwa umelala chali sakafuni, mzee mzima, Kifungo kifuani kwako, mnatazama maji yanavyopita juu yenu. Bi Kwanini alikuwa anauliza bila kupumua, na wewe kila mara unasema, "Ngoja, ngoja tuangalie." Maji yakapanda yakafika darini, wote watatu mkasema "aaah" kwa pamoja. Na mimi nikasema. Mnajua sasa kwamba mtu wa nne alikuwepo.

Ndiyo maana nilikuja nyumbani baadaye, nikanywa chai, nikaondoka peke yangu. Wamalize wiki zao.

Ila nami nina swali, Baba. Mimi kwa nini uliniambia ninyamaze? Usinijibu kwa haraka.

Mwanao

20 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Watoto wazima. Nimechana karatasi tatu kabla ya hii.

Ulikuwa unakaa kwenye ndoo, mimi nikiwa chini ya sinki. Ukauliza maji yanapandaje ghorofa ya tatu na hakuna anayeyabeba. Ukauliza kwa nini bomba linalia ukifunga koki. Mtaa mzima uliniita mimi kuwatengenezea, na wewe ulinitazama kama mtu ambaye hakuna asichokijua. Sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote.

Mwanangu, nilikuwa sijui. Hata moja. Nikaogopa utagundua.

Baba yako