Siku ya Kwenda Ivia

Jumatatu, 4 Agosti

Marinda kumi na mawili ya shule, bado pindo. Cherehani inakata uzi tangu asubuhi. Vumbi soko lote la Matiliku, mteja mmoja tu, na huyo alitaka nimtilie zipu ya bure.

Saa nane chifu akatuita kwa kesi ya mpaka. Mara ya tatu hii. Mama Kyalo, jirani yetu, mjane, akasimama akasema amechoka na barua na mikutano. Twende Ivia tukaape. Baba Mwende akacheka, akasema hata kesho yuko tayari. Nilimwangalia mume wangu akicheka.

Ivia ni jiwe. Liko Kitui, mbele ya Kanyangi, kwenye jangwa lisilo na boma hata moja. Limesimama peke yake, jekundu, kubwa kuliko kanisa letu. Ndiko ukoo wetu hula kithitu, kiapo ambacho ukikila kwa uongo kinamaliza nyumba. Si wewe tu. Nyumba. Kila anayekula kutoka shamba lile.

Na sisi ni waongo. Wacha niandike, hakuna wa kusoma. Mpaka tuliusogeza. Miaka sita sasa. Baba Kyalo alikuwa amelazwa hospitali ya Wote, mkewe yuko naye huko, majirani wako kanisani. Jumapili, saa nne asubuhi, jua linawaka. Tuling'oa mikonge ya mpaka tukaipanda hatua kumi na mbili ndani ya shamba lao. Michungwa yao minane ikawa yetu. Baba Mwende alichimba. Mimi nilibeba. Mimi nilishindilia udongo kwa miguu. Kisha nikaoga nikawahi mahubiri.

Baba Kyalo aliletwa nyumbani kufa. Alikaa wiki mbili. Alimwambia mkewe mpaka umesogea.

Jumamosi, 9 Agosti

Wazee watatu wa ukoo wamekuja kutafuta siku. Anayeongea ni Mzee Nzioka, ndiye mtunza kithitu. Chai birika mbili, mkate mzima, na maneno. Kumbe kuchagua siku ya Ivia ni kazi kuliko kupanga harusi.

Mwezi huu hapana. Ndovu wametoka mbugani, maji ya nyika yote yameisha, yamebaki yale ya shimo lililo chini ya jiwe. Wanalala hapo. Novemba hapana. Mto wa mchanga unashuka, gari haivuki. Tena mahindi yatakuwa shambani, na kithitu hakiliwi mazao yakiwa shambani, kinayakausha. Na ni asubuhi tu, upepo haujaamka. Ukisimama upande upepo unakoelekea kinakupata hata kama hukuapa. Baada ya saa tano hata usingetaka kukaa, jiwe linachoma mpaka ndani ya viatu.

Nikauliza, na mwaka ujao?

Mzee Nzioka akanitazama juu ya kikombe. Akauliza kwani nina haraka ya kuchelewa. Wakacheka wote. Nikaenda jikoni nikakaa juu ya gunia la makaa.

Wamesema Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Ndovu wakiwa bado wapo, itasogezwa.

Jumapili, 10 Agosti

Mwende hakuja kanisani, miguu imevimba. Binti yangu ana mimba ya miezi sita na nusu. Mbili za kwanza zilitoka. Hii ndiyo imefika mbali. Mumewe yuko Mombasa kazini, akasema aje kwangu apumzike. Kwa hivyo anakula kwangu. Kila siku anakula machungwa yale. Anayapenda, anayamenya na kuyapanga kwenye sahani kama mtoto.

Mimi nimeokoka. Siamini kithitu. Naandika hivyo mara ya pili ili nijisikie: siamini. Lakini nimemficha machungwa.

Nilimfuata pasta baada ya ibada, nikamwomba amkataze Baba Mwende kwenda. Akasema ni dhambi, atamwombea, lakini mambo ya mashamba yeye haingii. Hakuniuliza ukweli uko wapi. Angeniuliza ningemwambia. Au ningekimbia. Sijui.

Alhamisi, 21 Agosti

Tumegombana mpaka kuku wakatoka nje.

Nilimwambia tungoje Mwende ajifungue kwanza. Anatarajia mwisho wa Oktoba. Twende Februari, baada ya mavuno, ndovu hawapo, mto umekauka, wazee wenyewe watakubali. Nilikuwa nimepanga maneno vizuri.

Akasema hapana. Wapima ardhi wanakuja katikati ya Oktoba kuandika hati. Watakayemkuta kwenye shamba bila kesi ndiye wataandika. Halafu akasema neno lingine, kwa sauti ya chini, akiwa anafunga kamba za viatu. Akasema ni vizuri twende sasa, Mwende akiwa na mimba. Watu wakituona tunakula kithitu na mjukuu yuko tumboni, nani atasema tunadanganya?

Nimeolewa na mtu huyu miaka thelathini na moja. Leo nimemuogopa.

Nikamwambia huyo ni mtoto wako. Akasema hayo mambo ni ya wazee wa zamani, jiwe ni jiwe. Kama jiwe ni jiwe, mbona halali usingizi? Nasikia kitanda.

Jumamosi, 30 Agosti

Marinda yameisha. Wazazi wanabeba, wanasema watalipa. Mama Kyalo alipita kibandani kunisalimia. Amekonda. Akauliza Mwende anaendeleaje. Akaniachia mfuko wa ndengu, ati mjamzito aongeze damu.

Nilitaka kumrukia nimpige. Ndiyo, yeye. Mbona anakuwa mwema?

Jumamosi, 6 Septemba

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Pikapu moja kwa pande zote mbili, ndiyo desturi. Wanaokwenda kuapa hawatengani njiani, ukitangulia utasemwa umeenda kuharibu. Wanaume nyuma. Mbele dereva, mimi, na Mama Kyalo. Paja kwa paja mpaka Kitui.

Alikuwa na viazi vitamu kwenye kitambaa. Akanimegea. Nikala. Ningesema nini?

Baada ya Kanyangi hakuna kitu. Miiba, mchanga mwekundu, mizoga miwili ya ng'ombe. Halafu likatokea, mbali, peke yake. Nilidhani ningelia. Sikulia, nilitaka tu kukojoa.

Hatukufika. Mzee mmoja Msomali mwenye ngamia alitusimamisha njiani. Akasema ndovu wako chini ya jiwe tangu jana, wana watoto, wakali. Yeye mwenyewe amewarudisha wanyama wake bila kunywa. Dereva hakungoja kuambiwa mara mbili.

Nikasema asante Yesu kwa sauti. Mama Kyalo akasema amina. Alidhani nashukuru kwa sababu ya ndovu.

Kurudi alilala begani kwangu. Kitambaa chake cha kichwa kinanuka sabuni ya kipande. Bega lilikufa ganzi, sikulisogeza.

Jumapili, 7 Septemba

Siku mpya ni tarehe 27. Mzee Nzioka amepiga simu. Anasema mwisho wa mwezi maji ya shimo yatakuwa yameisha kabisa na ndovu watahama wenyewe.

Naombea yale maji. Nimepiga magoti kuombea shimo la maji jangwani lisikauke. Nimefika hapo.

Jumatatu, 15 Septemba

Mwende ameona damu. Saa sita mchana, jikoni. Wooi. Nilimshika kiuno, Baba Mwende akaita pikipiki, hapana, gari, nikampigia kelele alete gari.

Wamemlaza. Daktari anasema mtoto anacheza, mama apumzike, presha iko juu.

Baba Mwende amekaa nje kwenye benchi, kofia magotini. Nikamwambia, unaona? Na hujaapa hata bado. Akaitazama kofia. Nilifurahi kumuumiza.

Jumamosi, 20 Septemba

Ameruhusiwa. Asitembee, asibebe kitu. Damu imekoma.

Nilidhani Baba Mwende atabadilika. Jioni alikuwa anahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani. Nikamwambia turudishe mikonge, tuseme tulikosea vipimo, watu watasahau. Akasema sawa, nenda wewe, simama mbele ya chifu useme ulibeba mikonge siku ya Mungu. Jina lako liitwe sokoni.

Nikavaa viatu. Nikafika hadi kwenye lango la Mama Kyalo. Alikuwa anapepeta mtama, mgongo kwangu. Nikarudi.

Sasa najijua. Naogopa kuitwa mwizi pale Matiliku kuliko ninavyoogopa Ivia.

Ijumaa, 26 Septemba

Mwende ameniuliza. Amelala kwa ubavu, mkono juu ya tumbo. "Mama, huo mpaka ni wa haki?"

Nikasema ni wa haki.

Akafumba macho, akasema basi haogopi. Nikatoka nje nikakaa na mbuzi.

Jumamosi, 27 Septemba

Tumerudi. Naandika mikono ikiwa na vumbi la kule, sitaki kunawa na sitaki kubaki nalo.

Hakukuwa na ndovu. Hakukuwa na kitu. Shimo la maji ni matope yaliyopasuka, na alama za nyayo zao zimekauka humo. Saa mbili na nusu asubuhi, kimya, hewa haitikisi hata jani, ingawa jani lenyewe halipo. Siku nzuri kabisa. Wazee walichagua vizuri.

Karibu, jiwe lina mistari myeupe ya kinyesi cha ndege. Linatoa baridi asubuhi. Watu wameandika majina yao kwa makaa.

Mzee Nzioka akaweka kitu chake chini, kimefungwa kwa gunia kuukuu. Hakukifungua. Akatupanga upande salama, mimi nyuma ya mume wangu, Mama Kyalo ng'ambo. Akauliza, kuna mtu wa nyumba hii ana neno? Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu, na wakati huo alikuwa ananiangalia mimi. Mzee yule anajua. Naapa anajua.

Sikusema.

Baba Mwende akachukua kijiti, akakigonga kitu kile mara saba. Akasema kama mpaka ule niliusogeza, kithitu kinile, kiimalize nyumba yangu, waliozaliwa na watakaozaliwa. Alitamka vizuri. Hakukwama popote. Kwa "watakaozaliwa" sauti ilipanda kidogo, ili Mama Kyalo asikie.

Alisikia. Nilimwona. Mabega yake yalishuka, kama mtu ametua mzigo wa kuni. Akaja moja kwa moja akampa mume wangu mkono.

Njiani Mama Kyalo hakulala. Alitazama dirishani mpaka mto Athi.

Jumapili, 28 Septemba

Sikwenda kanisani. Mtoto anacheza. Nimeweka mkono mara tano leo, Mwende amechoka nami.

Alhamisi, 2 Oktoba

Baba Mwende amechuna machungwa magunia matatu. Anaimba. Chakula nimempikia, kuongea sijaongea.

Mama Kyalo amekwenda kwa chifu mwenyewe, akafuta kesi. Alitia kidole kwenye wino. Hakuna aliyemlazimisha.

Jumatano, 8 Oktoba

Mawingu upande wa Kitui. Bado mvua. Mtoto anacheza, Mwende anakula, miguu imepungua. Hakuna kilichotokea. Kila asubuhi naamka nikisubiri na hakuna kinachotokea.

Mama Kyalo alikuja saa tisa, nimeketi na cherehani nyumbani. Nikamwekea kiti. Amekuja kuomba msamaha, ati alitupeleka jangwani bure, na Mwende akiwa katika hali ile. Anasema alipomsikia Baba Mwende akitaja watakaozaliwa, alijua. Hakuna mzazi anaweza kusema vile na mjukuu yuko tumboni, kama si kweli.

Kisha akasema lingine. Tangu turudi kutoka Ivia hajakwenda kwenye kaburi la mumewe. Kila Jumamosi alikuwa anafyeka pale, miaka sita. Sasa hawezi. Anasema marehemu alimshika mkono siku za mwisho, akamwambia mpaka umesogea, usikubali. Ndilo neno la mwisho alilomwachia. Na yeye alilibeba, akagombana na majirani, akauza mbuzi kwa sababu ya kesi. Kumbe lilikuwa uongo. Anauliza, mtu anakufaje huku anamdanganya mkewe? Yeye alimkosea nini?

Hakulia. Aliuliza tu, akingoja nimjibu, maana mimi ni rafiki.

Mlango ulikuwa wazi. Mikonge inaonekana kutoka pale nilipokaa. Nilikuwa na neno moja la kusema, na hapakuwa na wazee, wala chifu, wala Baba Mwende.

Nikamwambia pengine ilikuwa homa. Nikamwambia mgonjwa huona vitu, asimhukumu.

Akafikiri. Akasema asante, Mama Mwende, hilo limenisaidia. Akamaliza chai yake, akaosha kikombe mwenyewe, akaenda nyumbani.