Sanduku la Kuazimana

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka kazini saa tisa. Bibi ninayemtunza kule College Park alikataa kuoga tena. Nikamwacha. Mwili ni wake. Mvua njia nzima hadi nyumbani, Lanham.

Nimesonga ugali, sukuma, mabaki ya kuku wa jana. Binti yangu Neema alikula kidogo. Kakake Tito alikula mara mbili akapanda juu na simu yake. Miaka kumi na mitano na tumbo halina sakafu.

Jambo moja limeniudhi. Denise, mamake Malik. Malik ndiye rafiki wa Tito, wako darasa moja. Denise ni Mmarekani mweusi, wa mtaa huu huu, alisoma Kiswahili chuo kikuu na hapitwi na nafasi ya kukitumia. Nilimwambia amlete Malik Ijumaa, yeye na Tito wafanye kazi yao ya sayansi, atakula hapa, atalala hapa. Akashukuru vizuri sana. Kisha: "Samahani, dada. Je, nyumbani kwenu mna bunduki? Na kama mnayo, imefungiwa?"

Yaani. Namkaribisha mtoto wake mezani, ananiuliza kama nitamuua. Kwetu mgeni haulizi mwenyeji hata kama maji yamechemshwa. Nikamjibu hatuna, kwa sauti ya kumfanya ajute. Hakujuta. Akasema asante, huwa nauliza kila mtu.

Jumanne, 4 Machi

Nilimsimulia Baba Tito kioja cha Denise. Mimi natoka, yeye anaingia kutoka kazi yake ya usiku kule ghalani. Siku hizi ndoa yetu iko mlangoni. Nilitaka tucheke. Hakucheka. Akasema hawa watu wana mambo, akaenda kulala. Amechoka.

Alhamisi, 6 Machi

Shule ya Tito ilifungwa asubuhi, watoto wakiwa ndani. Mtu alisema kuna mwanafunzi ana bastola. Walizima taa, wakasukuma meza mlangoni, wakakaa sakafuni kimya. Polisi wakapekua. Hakikuonekana kitu. Uvumi tu.

Meseji ya shule ilinikuta nimemshikilia bibi msalani. Sikuweza kumwachilia. Nikamfunga vifungo, nikamkalisha, ndipo nikasoma. Nikaisoma tena baadaye, garini.

Tito anasema ilikuwa kawaida. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, hivyo ndivyo tunavyoishi. Eti wamefanya mazoezi hayo tangu chekechea. Eti siri ni kutokaa pale unapoonekana kutoka kwenye kioo cha mlango. Mimi chekechea nilifundishwa kupanga foleni ya uji.

Jioni shule ikatuma ujumbe: wazazi wenye silaha nyumbani wazifungie, watoto wasizifikie. Nikamsomea Baba Tito kabla hajaondoka. Akauliza kama kuna chai imebaki.

Ijumaa, 7 Machi

Malik amekuja. Mtoto ana adabu. Amesema "shikamoo", Kiswahili cha mamake. Nimemsamehe Denise nusu.

Jumapili, 9 Machi

Mama Shiko wa kanisani kwetu amefiwa na mamake, kule Nyeri, Kenya. Tulimzunguka baada ya ibada. Halii kwa sauti, anatikisika tu mabega. Anasafiri Alhamisi jioni. Shiko, binti yake, atabaki na babake. Nimesema nitakuwa nawapikia.

Akaniomba sanduku. Nilijua ataomba. Lile la buluu, kubwa, lenye magurudumu manne yanayofanya kazi yote. Limeenda Kenya mara nyingi kuliko mimi. Lilimpeleka Mama Njeri kumzika kakake, likampeleka mchungaji, likarudi na majani chai na kikoi kisicho na mwenyewe. Kwetu hapa sanduku si la mtu. Likikaa juu ya kabati ni kwa sababu hakuna aliyefiwa.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbovu. Bibi alinipiga kofi. Si kosa lake, lakini shavu ni langu.

Mama Shiko alipitia sanduku jioni. Baba Tito alikuwa ameshaenda kazini. Mama Shiko hakutaka hata kuketi, gari lilikuwa linanguruma nje. Nikamwambia Tito alishushe. Alikawia huko juu mpaka nikamwita mara mbili. Akashuka nalo, jasho usoni, akalipakia garini. Nikadhani ni uvivu.

Nilikaa sebuleni nikikunja nguo hadi nikasinzia hapo hapo.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika ili niyaone yakiwa yamelala kwenye karatasi.

Baba Tito alirudi watoto wakiwa wameshaenda shule. Alipanda juu. Akashuka upesi mno. Akauliza sanduku liko wapi. Nikamwambia, kwa Mama Shiko, amefiwa, si nilikwambia. Mwanamume huyu ni mweusi tititi lakini nilimwona akigeuka rangi ya majivu.

Kulikuwa na bastola ndani. Mfuko wa ndani wenye zipu. Tangu Novemba.

Akanieleza akiwa amesimama. Majambazi walimvamia mwenzake pale wanapopakia malori. Akaogopa. Akanunua, kihalali, na leseni. Zile Jumamosi za Novemba alizosema yeye na Baba Shiko wana kikao cha wanaume, kumbe darasa la bunduki. Na mimi nilikuwa nawafungia chapati. Darasani waliambiwa wafungie silaha. Kufuli alinunua. Liko kwenye droo ya soksi, bado ndani ya pakiti yake.

Nikamuuliza, kwa nini sanduku? Sanduku ambalo kila mtu Lanham analiazima? Akasema Desemba, watu wanaposafiri, ilipita bila mtu kuliomba, akadhani halitatoka. Kana kwamba mauti hungoja Desemba.

Hasira ilinipanda ikashuka. Hapakuwa na nafasi yake.

Tulimpigia Mama Shiko. Akamwaga kila kitu kitandani. Akapapasa mfuko wa ndani. Hamna kitu. Akauliza tunatafuta nini. Baba Tito akasema pasipoti ya zamani.

Ndipo nikakumbuka. Tito alikawia huko juu.

Tulienda chumbani kwake. Chini ya godoro hakuna. Kabatini hakuna. Kwenye viatu hakuna. Mkoba wa shule haukuwepo, na mbona ungekuwepo, ni siku ya shule. Nikampigia. Simu imezimwa, darasani hawaruhusiwi.

Baba Tito akasema tungoje atoke shule. Akasema tumwite mchungaji kwanza na wazee wawili, tukae, tuongee, mambo ya nyumba hayaanikwi nje. Nikasema mchungaji atafanya nini, ataombea risasi? Akasema ukipiga simu wataita polisi. Wataona mtoto mweusi mwenye bastola. Unajua wanachofanya.

Najua. Kila mama wa hapa anajua.

Nilisimama jikoni na hayo mawili. Nikinyamaza, labda mtoto wa mtu. Nikisema, labda wangu. Sikuweza kujiambia Tito si mtoto wa namna hiyo. Ni mtoto mzuri. Lakini mpaka asubuhi hii nilidhani pia nyumba yangu haina bunduki.

Nikapiga. Si polisi, shule, ofisini. Baba Tito alitoka nje akasimama uani bila koti. Nikasema mimi ni mama yake. Nikasema nahisi mwanangu ana bastola kwenye mkoba. Nikasema jina lake lote. Nikasema amevaa jaketi ya kijivu, hajawahi kumpiga mtu, ana dada mdogo, tafadhali msimtishe, mwiteni polepole, mtu anayemjua ndiye amwite. Nilirudia hilo la polepole mpaka yule mama wa ofisini akaniambia, amesikia, yeye pia ana mtoto.

Kisha nikaendesha gari. Shule ilikuwa imefungwa tena. Polisi barabarani, wazazi ng'ambo ya pili wamejikunyata. Denise akanitumia meseji: Dada, wamefunga tena, Malik yuko ndani, unajua lolote? Niliisoma. Nikaweka simu mfukoni. Sikujua nimwambie mimi ni nani katika hadithi hii.

Tito yuko hai. Hakuna aliyeguswa. Mshauri wao wa shule alimwita kwa jina lake mlangoni mwa darasa, Tito akatoka, akamkabidhi mkoba kabla hajaulizwa. Bastola ilikuwa chini kabisa mle mkobani, imefungwa kwenye fulana yake ya kuchezea mpira. Ilikuwa na risasi.

Waliniruhusu nimwone, askari akiwa ameketi pembeni. Tito akanisemesha Kiswahili. Sikumbuki mara ya mwisho. Alitaka yule askari asielewe. Alisema alijua ipo tangu Krismasi. Aliposikia sanduku linatoka akaogopa lisikamatwe nayo uwanja wa ndege, Mama Shiko afungwe na mazishi yanamngoja. Akaitoa. Alitaka kuirudisha kwa babake, babake hayupo. Alitaka kuniambia, akaogopa mimi na babake tutapigana. "Ningeiacha wapi, Mum? Neema anaingianga kwa room yangu."

Hakuiacha nyumbani kwa sababu ya dada yake. Basi akaenda nayo shule, shule yenye watoto wale wote. Huo ndio uamuzi wa mtoto aliyeachiwa kazi ya baba. Na ya mama.

Nililia. Naandika hilo pia.

Ijumaa, 14 Machi

Amerudishwa nyumbani, kesi yake ni ya mahakama ya watoto. Shuleni haruhusiwi. Baba Tito naye ameandikiwa kosa: kuacha silaha yenye risasi mahali mtoto anaweza kuifikia. Hakubisha. Hasemi nami.

Tito aliniuliza jambo moja tu. Je, nilipopiga simu nilidhani angeua mtu? Nikasema sikujua. Angependa niseme hapana. Sikujua, na sikumdanganya.

Bibi wa College Park ameoga leo bila ugomvi. Simwelewi.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani wananisalimia kwa ncha za vidole. Mmoja aliniambia, mbona hukumwita mchungaji kwanza. Mwingine akasema nyuma yangu, kwa sauti ya kusikika, kwamba mimi nimeuza mwanangu. Wote hao wametuletea chakula. Wali, maharage, mandazi ya kutosha kijiji. Watu wetu watakusengenya na kukulisha kwa mkono ule ule.

Mama yangu alikuwa akisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikiwa mdogo nilidhani ni kisingizio chake cha kunichapa.

Jumanne, 25 Machi

Nilienda kwa Denise. Niligonga. Alifungua akasimama mlangoni, hakunikaribisha. Nikamwambia nilipokujibu sikujua. Akasema, kwa Kiingereza sasa, anaamini. Kisha akasema Malik alilala kule kwetu juu, chumba cha pili kutoka kwenye kabati lenye lile sanduku.

Hakufunga mlango kwa nguvu. Aliufunga tu.

Namuonea haya mwanamke huyu. Nilimchukia kwa swali ambalo ni mimi niliyepaswa kuliuliza, tena ndani ya nyumba yangu.

Jumamosi, 5 Aprili

Tito anasomea mezani jikoni. Ananijibu Kiingereza tena. Nimefurahi.

Baba Tito amenisemesha. Ni kuhusu taka, Jumatatu ndiyo siku yake. Nikasema najua. Ni mwanzo.

Jumamosi, 12 Aprili

Mama Shiko amerudi. Amepungua. Alituita chakula cha jioni, nikaenda na Neema, wanaume wangu wakabaki. Sanduku lilikuwa pale mlangoni, linanisubiri, ndani ameniwekea unga wa wimbi na majani chai. Alisimulia mazishi. Mvua ilinyesha siku yenyewe, wakasema ni baraka. Tulikula mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, na nyama. Baba Shiko alikula akiwa ameinama.

Neema na Shiko walimaliza mbio, wakapanda juu kucheza. Mama Shiko akasema, muache Neema alale, kesho tutakutana kanisani. Amenikaribisha kwa moyo wote. Ameenda mazishini na sanduku langu na kunirudishia limejaa.

Nikauliza. Niliweka uma chini nikauliza kama Denise alivyouliza, neno kwa neno. Mna bunduki? Na kama mnayo, imefungiwa?

Mama Shiko akaacha mdomo wazi. Kisha akasema hatuna, Mama Tito, jamani, hata wewe? Sauti ile niliijua. Ni yangu, ya Machi.

Sikumtazama yeye. Nilimtazama Baba Shiko. Zile Jumamosi za Novemba zilikuwa na wanaume wawili, na chapati nilizifunga za watu wawili.

Mama Shiko naye akageuka kumtazama mumewe.

Juu watoto walikuwa wanaruka, tukawa tunasikia miguu yao ikikimbia, kisha ikasimama, isisikike tena. Baba Shiko akainuka. Alisema hebu kwanza, akapanda ngazi mbili mbili. Mimi na Mama Shiko tukabaki tumekaa, tunatazama dari.