Mistari Arobaini na Tatu ya Chola

Jumatatu, 3 Juni 1974

Miguu inaniuma mupaka ku magoti. Leo Mademoiselle Godelieve alinipa kazi — ule muzungu wa université, mwenye kufika hapa Nchelenge juma iliyopita kuangalia batoto bale habatulii. Alinichagua kwa sababu ninasema kifransa, na juu miye njo mwenye kubaki na batoto ba giredi ya pili wakati mwalimu wabo, Tichala Goodson, anatoka. Anatoka sana, ule.

Alinipa montre, saa ya mukono, na karatasi moja ya mistari, anaiita fishi. Kila siku, mara tatu, dakika kumi-kumi, niangalie mutoto mumoja tu. Akipiga, mustari. Akitukana, mustari. Akinyang'anya, akiuma, akitupa kitu — mustari. Njo kupima ukali, anasema.

Mutoto mwenyewe ni Chola. Nani mwingine! Musichana wa miaka munane, hajamaliza hata hesabu moja toka Krismasi. Unamuketisha hapa, unageuka, iko ku dirisha.

Nikauliza: mistari ikiwa mingi? Akasema ikipita thelathini kwa juma, Chola atatolewa ku masomo, atapelekwa hospitali ya mbali, kule Copperbelt. Mwaka muzima pengine. Na dawa. Nikauliza kama nkambo yake, bibi yake, anajua. Atajua siku ya barua, anasema.

Bon. Miye ni wa kuhesabu tu.

Jumanne, 4 Juni

Kumi na tatu! Batoto makumi sita na mbili mu chumba kimoja, na miye ninafuata kamoja na macho sawa mutu wa polisi. Kichwa inapiga.

Karibu yote ni juu ya Misheck, kijana wa chumba hicho-hicho. Chola alimupiga na kaye, daftari yake, ku mugongo. Akamunyang'anya muhogo, akaukula mbele yake. Akamwambia ana kichwa sawa nyungu iliyopasuka. Misheck naye akasema: kufa tu leo, nikule nyama ya kilio yako! Mustari, mustari, mustari. Batoto bote wanacheka. Miye sikucheka. Kule kwa masista, mu pensionnat, shule ya bweni ya Bukavu, neno moja ya vile ulipiga magoti ku simenti mupaka saa sita. Miye sina mama, sina baba niliyemujua — masista njo walinilea, na matusi sikuyasikia mu nyumba yabo hata siku moja.

Jumatano, 5 Juni

Tisa. Nimechoka. Upepo wa ziwa unaingia mu mifupa. Fabien bwana yangu iko Kilwa, ngambo ya ziwa, anauza samaki, barua hakuna. Nilale.

Alhamisi, 6 Juni

Kumi na mbili. Leo Chola alimuuma musichana mumoja, Beauty, ku mukono, damu ikatoka kidogo, na Beauty alilia kweli. Siwezi kusema Chola ni malaika. Alafu akatupa kibao cha kuandikia. Alafu Misheck tena, Misheck, Misheck.

Tichala Goodson anasema ule mutoto akienda, chumba itapumua. Nikakasirika. Sijui juu ya nini, miye mwenyewe jana nilisema hivyo-hivyo.

Ijumaa, 7 Juni

Tisa. Juma yote: arobaini na tatu. Nilitoa fishi. Mademoiselle akaigeuza-geuza, akasema mistari yangu ni safi, yote urefu mumoja, hajaona musaidizi wa vile hata ku université. Nikafurahi. Ninaandika hii kwa sababu ni kweli: nilifurahi, nikarudi nyumbani ninaimba.

Jumamosi, 8 Juni

Ee Yezu. Nimefanya nini.

Asubui nilishuka ku ziwa kununua chisense, bale samaki badogo. Mama Felistus, nkambo ya Chola, alikuwa ameyaanika ku muchanga, mahali kubwa sawa uwanja wa mupira. Na nani anafukuza ndege? Chola. Anakimbia huku, anakimbia kule, toka jua kutoka, yeye na mbwa yabo, habapumziki. Hakuna samaki hata mumoja aliyeibiwa. Nikafikiri: ku fishi hakuna nafasi ya kuandika hii.

Alafu Misheck akafika. Chola akaacha ndege, akamurukia, akamupiga kofi ya mugongo, paa! Nikasema, Mama Felistus, si unamugombeza? Akaniangalia sawa mutu aliyeuliza kama maji inalowanisha.

— Juu ya nini? Ule ni mufyala wake.

Alinieleza pole-pole, sawa unaeleza mugeni. Mama ya Misheck na baba ya Chola, tumbo moja. Batoto ba kaka na ba dada: bafyala. Njo desturi yabo, ni utani. Wanatukanana, wanapigana makofi, wanaibiana chakula, na hakuna wa kukasirika. Siku Chola atakufa, Misheck atafanya muchezo mbele ya maiti. Siku Chola atanyamaza mbele ya Misheck, anasema, njo siku ya kuogopa.

— Na mwenye kutukanwa akinyamaza? nikauliza.

— Akinyamaza, ni vita. Ni kujibu tu, tusi kwa tusi, basi inaisha.

Nilikaa ku muchanga. Nikamwambia yote: fishi, thelathini, Copperbelt. Nilifikiri atanipiga na kikapu. Akageuza chisense na mukono, mustari kwa mustari. Alafu akasema: basi toka leo weye ni mufyala yetu, Mama Berthe, tukutukane mupaka akili ikuingie! Wanawake bote pale wakacheka, na Chola naye. Machozi ilikuwa mu macho yake.

Nilirudi bila chisense.

Jumapili, 9 Juni

Missa. Sikusikia neno. Nyumbani nilifungua kaye yangu ya kuhesabia. Kwa arobaini na tatu, ishirini na tisa ni ya Misheck. Inabaki kumi na ine. Kumi na ine! Haya inanikula. Mistari safi, yote urefu mumoja.

Jumatatu, 10 Juni

Nilimuambia Mademoiselle habari ya bafyala. Alisikiliza vizuri, hana moyo mubaya, alafu akasema tusi ni tusi, Berthe, fishi haiulizi ni ndugu gani. Nikasema basi fishi haijui kitu! Miye, kusema vile! Akavua miwani, akaipangusa kwa muda murefu.

Mwisho akasema: siku mbili ingine. Yeye ataketi nyuma na biro, kalamu yake. Ya Misheck tutaiacha pembeni. Ingine yote, ikipita kumi, barua inakwenda na Chola anapanda gari ya Alhamisi, saa kumi na mbili ya asubui. Kumi kwa siku mbili. Nikasema ndiyo.

Jumanne, 11 Juni

Sita. Mama Felistus amemuambia mutoto kitu, juu Chola aliketi juu ya mikono yake. Juu ya mikono! Miguu chini ya meza inatetemeka, jasho ku pua, na baridi yote hii. Alisukuma batatu ku mulango, akatupa kalamu mara tatu. Misheck alimutukana mara mbili, Chola akaangalia chini tu. Misheck akaanza kulia.

Mademoiselle akaniandikia ku kipande cha karatasi: maendeleo mazuri. Nilitaka kukitafuna.

Jumatano, 12 Juni

Ninaandika mbio, ni saa kumi na moja tu, jua ingali.

Asubui: mbili. Saa tano: mbili. Kumi kamili. Zilibaki dakika kumi za mwisho, na zaidi ya Chola na montre yangu sikuwa ninaangalia kitu kingine. Dakika ya kwanza, ya tatu, ya sita, Chola ameketi. Ya nane, ameketi. Nikaanza kusema Salamu Maria mu roho.

Ya tisa, nilipita karibu na kiti chake. Nilitaka tu kumuonyesha macho ya upole, mupumbavu miye. Akaruka. Kofi ku mugongo wangu, paa! chumba yote ikasikia. Akanivua kitambala ya kichwa, akaifunga ku kichwa chake, akasema kwa nguvu: "Mama Berthe, mifupa ya chisense weye! Kufa tu, nikuanike ku muchanga!"

Alikuwa anacheka. Meno yote inje, macho inaningojea. Hajacheka toka Jumamosi. Batoto makumi sita wakaningojea pamoja naye.

Na miye nikanyamaza.

Miaka yangu makumi tano na moja, nikasimama pale na mvi inje, mudomo wazi, sina neno. Neno moja tu! Angalau tumbo ya mbu, kichwa ya kambale, kitu chochote! Hakuna. Nikaona cheko inamutoka mutoto pole-pole. Na nyuma, biro ya Mademoiselle ikapiga ku meza mara moja.

— Alors, Berthe? Kumi na moja?

Nikasema nitaandika fishi nyumbani, safi. Akasema atapita kuichukua mwenyewe.

Iko hapa mbele yangu. Kumi, na nafasi moja. Nikiandika, ni uongo, ilikuwa ufyala tu. Nisipoandika, atasema aliona na macho yake: musichana alimupiga mwanamuke muzee, na muzee alibaki sawa mutu aliyeumizwa. Na ni kweli, alivyoona njo vile. Ni miye niliyeifanya vita.

Kuna mutu ku mulango. Chola. Kitambala yangu ingali ku kichwa chake. Haingii. Anasimama na muguu mumoja, anabadilisha, anabadilisha tena.

Anasema, kwa sauti ndogo: "Mifupa ya chisense."

Na kule ku njia Mademoiselle anakuja, ameshafika ku nyumba ya Goodson, atatusikia nikijibu kwa nguvu, ajue si vita.

Masista habakunifundisha hata moja. Nianze na tusi gani?