Pua Uliyoniachia

Mama yangu, shikamoo.

Tangu tukuzike Handeni masika yamepita na vuli nayo imepita, na mimi sijakuandikia kwa sababu kila nikishika kalamu nalia tu. Leo ninalo la kukuambia. Ile pua yako imebaki kwangu.

Nilidhani ni kitu chako peke yako, kama ulivyokuwa ukitembea umeinamisha kichwa upande mmoja, au ulivyokuwa ukisema na mbuzi Kizigua na sisi watoto Kiswahili. Tulipokuwa wadogo tuliifurahia. Ulikuwa unafumba macho, tunapita mbele yako mmoja mmoja, unatutaja. Huyu Shabani, ananuka karanga mbichi. Huyu Zaina, ananuka majivu ya asubuhi. Mbuzi ulimnusa mdomoni ukajua kaingia shamba la nani. Mvua inayotoka milima ya Usambara uliitambua kabla wingu halijaonekana, ukatutuma kuanua mahindi, na majirani wakituona nao wakaanua yao. Siku hizo pua yako ilikuwa mali ya kijiji kizima.

Halafu ikaja siku ya mtoto wa Bi Mwanahamisi. Ulimpakata, ukamnusa utosini. Kisha ukamwambia mama yake, "Mpelekeni hospitali huyu. Ndani anaoza." Walicheka, maana mtoto alikuwa anacheza. Mahindi hayajakauka shambani tukamzika. Msibani hakuna aliyekupisha kwenye mkeka. Na siku chache baadaye banda lako la jiko likaungua mchana kweupe, watu wote wako shamba, hakuna aliyeona kitu. Ulisimama ukiangalia nguzo zinavyofuka moshi, ukatuambia cheche imeruka. Sote tulijua jikoni hukuwasha moto siku ile.

Tangu hapo ukafunga karafuu kwenye pindo la kanga. Kila penye watu wengi unaileta puani. Sisi tulijua unajizuia usinuse, wao wakasema ni dawa. Hukumwambia tena mtu yeyote jambo lolote. Hata ulipojinusa mwenyewe, Mama. Nilikukuta umekaa kitandani umeshika ushungi wako puani, muda mrefu, nikakuuliza unafanya nini. Ukasema, "Nanusa sabuni." Ukaukunja vizuri ukauweka chini ya mto. Niliamini. Ningejuaje?

Sasa najua.

Kwangu ilianza hapa Masuguru, barazani pangu pa kushonea. Fundi cherehani anasogea karibu na watu kuliko daktari. Unazungusha futi kifuani, kiunoni, shingoni, pumzi ya mtu inakupiga usoni. Miaka yote nilikuwa nasikia manukato na jasho kama watu wengine. Baada ya arobaini yako nikaanza kusikia vingine. Mmoja ananuka sufuria jipya, mwingine maziwa yaliyoanza kuganda, mwingine vumbi la barabara hata akitoka kuoga. Nilidhani ni majonzi yananichezea.

Akaja Mama Upendo, jirani yangu mwanakwaya, yule ambaye babu yake aliletwa kukata mkonge akabaki huku huku. Nampima vazi la kwaya, anacheka kama kawaida yake, na pumzi yake inanuka papai lililoiva likapitiliza. Nikamwambia, "Mama Upendo, kapime." Akaniuliza kapime nini. Nikasema kapime vyote. Akaenda, kwa kunifurahisha tu. Wakakuta sukari imepanda vibaya, wakamlaza siku hiyo hiyo. Leo anatumia dawa zake na anatembea.

Lakini unamjua mtu wa shukrani, Mama. Alinishukuru kwa sauti. Kanisani, sokoni, kisimani. Kwamba Zaina fundi amemnusa akajua. Wiki haikupita, baraza langu likabadilika. Wapo waliokuja wakisingizia kupunguza sketi ili niwanuse, wakinitazama usoni kama wanaosubiri hukumu. Wengine wakaanza kutuma nguo kwa watoto. Mama mmoja alijifunika mtandio mpaka kidevuni akaniambia nimpime kwa macho. Na mzee mmoja akasema pale dukani, nami nasikia, "Mama yake naye alikuwa hivi hivi. Waulizeni watu wa Handeni."

Nilisikia baridi, Mama, na jua lilikuwa la saa saba.

Ndipo akaja Shabani. Mdogo wangu. Alitoka Mazinde na kitambaa cheupe, nimshonee kanzu ya harusi ya binti yake. Alikuwa na furaha, anaimba imba. Nikainua futi nikaizungusha shingoni. Karanga mbichi zilikuwepo, ni yeye. Lakini chini yake, pale shingoni, palikuwa na kitu kingine. Mkeka uliolowa ukafungiwa ndani ya nyumba siku nyingi. Uliwahi kunieleza mara moja tu, siku ile ya mtoto wa Bi Mwanahamisi, kwamba ndiyo harufu ya mtu anayeoza ndani. Sikuwahi kuinusa kabla. Nikaijua.

Akaniona usoni. Akanishika mkono. "Dada, usiseme."

Nikamwambia, "Shabani..."

"Usiniambie. Walisema mama akitamka, limekwisha. Usitamke."

Mwanao, Mama. Uliyemnyonyesha. Naye aliamini maneno yao miaka yote hii, akala ugali wako na kulala ndani ya nyumba yako akiamini. Hilo liliniumiza kabla ya lile jingine. Nikatamka. Nikamwambia nenda hospitali, wakuangalie shingo, wakuangalie yote. Akatoka bila kuniaga, na futi yangu bado imemning'inia shingoni.

Jioni mkewe akanipigia simu. Wifi yangu yule mpole, ambaye hata kuku hachinji. Akasema, "Ulichomwekea mume wangu, ukitoe." Akakata.

Kesho yake nikaenda Mazinde. Mkonge huku na huku, mistari na mistari, na kimya kile cha mashamba kinachokufanya ugeuke nyuma. Niliwakuta nje wanapukuchua mahindi. Wifi aliponiona akawaita watoto ndani, mmoja mmoja kwa majina, kama mtu anayeanua kabla ya mvua. Kisha akachukua beseni la maji ya vyombo akayamwaga miguuni pangu. Shabani hakuinua kichwa. Nikaona chini ya taya yake kivimbe, kama punje ya kunde. Sijui kama yeye mwenyewe alikuwa amekigusa.

Nikasema nikiwa nimesimama kwenye tope lile, "Nichukie, Shabani. Lakini nichukie ukiwa hai."

Nikarudi zangu. Safari nzima ya basi sikumbuki chochote.

Zikapita siku. Asubuhi moja nafungua mlango, nikamkuta amesimama barazani, futi yangu kaikunja mkononi. Akasema, "Twende." Hospitali walimminya minya, wakakata kinyama kidogo shingoni wakakituma hospitali kubwa kikaangaliwe. Daktari, kijana mwenye adabu, akamuuliza nani alimshauri aje mapema, maana wengi huja uvimbe ukiwa kama yai. Shabani akasema, "Mama."

Nilitoka nje nikalia, nimeegemea ukuta.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa sikia na mengine. Juzi nimekuta majivu yamemwagwa kizingitini, yamekanyagwa kwa mguu mmoja. Jana nimekuta mkanda wa cherehani umekatwa, umekatwa kwa kisu, si kuchakaa. Mwenye nyumba, ambaye sijawahi kugombana naye, amekuja kuniuliza kwa upole kama nina mpango wa kuhama. Mama Upendo anakuja na kazi zake za kufuma anakaa nami barazani tangu asubuhi, bila kusema kwa nini. Nimegundua anakaa akiangalia njia.

Kesho ni siku ya majibu. Wifi ametamka mbele za watu kwamba yakiwa mabaya, ni mimi niliyeyaweka. Yakiwa mema, watasema niliyaondoa kwa sababu niliogopa. Nimeligeuza jambo hili kila upande sioni jibu litakaloniacha nilivyo. Nadhani na wewe uliligeuza hivi hivi, ndiyo maana ukachagua kunyamaza. Sikulaumu. Ulikuwa na watoto wadogo na nyumba ya makuti.

Lakini mimi siwezi, Mama. Nimejaribu. Siku mbili niliziba pua nikashona nimefunga leso, nikakata kitambaa cha mtu vibaya. Nikafikiri, mbele yangu anapita mtu anayeweza kupona, na mimi nimejifunga uso kwa hiari yangu. Nikaivua leso.

Shabani amenipigia sasa hivi. Sauti yake imetulia kuliko yangu. Amesema atanipitia asubuhi twende pamoja. Kisha akasema mkewe anakuja, na kaka zake wifi wanakuja pia. Nikamuuliza wote hao wa nini. Akasema, "Sijui, dada. Wamesema tu wanakuja."

Nitakwenda. Nakuahidi nitakaa upande wake wa kulia karatasi ikifunguliwa, vyovyote itakavyosema, na sitakimbilia mlangoni. Mtu yeyote nitakayemnusa harufu hiyo baada ya hapo nitamwambia, hata akinitemea mate. Na wakiuliza nimeyatoa wapi, nitataja jina lako kwa sauti, mpaka walizoee.

Lala, Mama. Mwenyezi Mungu akuwekee nuru huko ulipo, na sisi huku atupitishe kesho.

Mwanao,
Zaina