Majani Niliyoyalilia

Kitale,
Jumapili jioni.

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi. Goti linaendeleaje? Bado unapanda kile kilima cha kanisani kwa miguu, ama wifi yangu Roselyne amefaulu kukuitia bodaboda? Nasikia mahindi ya Tongaren yamesimama vizuri, namshukuru Mungu. Sisi hapa ni wazima. Mwanao Sifuna ananenepa, siku hizi tumbo linamtangulia mlangoni. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu unaniuliza kama mvua imenyesha, nakujibu, halafu unasema salio linaisha.

Nianze na lile tangi letu la samaki, kwa kuwa ndilo lililotutenganisha. Ulipokuja kutibiwa goti ulishinda sebuleni ukiitazama mimea iliyo ndani ya maji, na wewe ukiona jani la manjano hutulii. Siku moja tukiwa kazini ukakunja mikono ya blauzi, ukaipandishia changarawe mpaka shingoni kama mtu anayepalilia mahindi, kisha ukachota mbolea ya CAN kwenye gunia la Sifuna stoo, ukainyunyizia. Mahindi yangekushukuru, Mama. Tuliporudi tuliwakuta samaki wamepanda juu wakitweta, tukawahamishia kwenye beseni mbio mbio. Kufikia mwisho wa wiki majani yalikuwa yamelegea kama sukuma wiki iliyosahaulika motoni.

Ijumaa ile nilipoingia nyumbani nilipiga magoti mbele ya tangi nikalia kwa sauti. Wewe ukaenda chumbani ukaanza kukunja nguo. Asubuhi ulikuwa umefunga mkoba, ukidai kuku wako hawana wa kuwafungulia. Baadaye Roselyne akanieleza ulichomwambia: ati mke wa Sifuna analilia nyasi namna hiyo, si siku ukifa wewe, Mama, atakuwa amemaliza machozi, bana. Nilicheka kwanza, halafu maneno yakaniuma.

Rafiki yangu Ramandeep, yule wa duka la vitambaa ambaye uliisifu chai yake, amefuga samaki tangu utotoni. Alikuja akazamisha mkono, akang'oa mche mmoja, akanionyesha shina nene linalotambaa chini ya majani. Alisema mizizi inaweza kuingia kwenye changarawe, lakini shina hilo likifukiwa linaoza. Akasema pia tusikubebeshe lawama zote, maana mimea ilikuwa imeanza kudhoofika kabla hujaigusa. Nilikuwa nimeihamisha juzijuzi kutoka tangi lake, na mmea ukibadilishiwa maji mara nyingi hutupa majani ya zamani kabla ya kutoa mapya. Tena taa nilikuwa naiwasha kutwa kucha, nikidhani naisaidia. Wewe ulikuta manjano ukadhani ni njaa.

Basi tukakata yote yaliyooza, tukayafunga mashina juu ya mawe kwa uzi wa kushonea, tukawa tunabadilisha maji kidogo kidogo, si yote mara moja. Taa tukaipunguza. Ramandeep alinikanya nisiing'oe kila asubuhi kuchungulia mizizi. Alisema jani lililokwisha kuoza halirudi, nitazame lile changa la katikati. Subira sina, unanijua, kwa hiyo Sifuna alipewa kazi ya kunifukuza pale. Na imechipua, Mama! Majani madogo ya kijani kibichi, na kila moja linakuja pana kuliko lililotangulia. Hukuua kitu.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Ijumaa ile sikuwa natoka kazini. Nilikuwa natoka hospitali. Nilikuwa na mimba changa, ikatoka, na hata Sifuna sikuwa nimemwambia bado. Nilijikaza njia nzima. Nilipofungua mlango na kuona yale majani yameoza, nikashindwa. Sikuyalilia majani, Mama. Nilitaka kukwambia, lakini ulikuwa umeshaanza kukunja nguo, nami nikaona haya kumpa mama mkwe habari kama hiyo akiwa mguu mmoja nje.

Nakwambia leo kwa sababu kuna mwingine. Anacheza tayari, na daktari ameridhika naye. Lakini naogopa, naogopa sana, na safari hii sitaki kujikaza peke yangu. Nataka uje ulale chumba cha pili, nikishtuka niwe na mlango wa kugonga. Kuku wasikuzuie. Roselyne amekubali kuwafungulia, na hakunung'unika sana.

Wasalimie wote wa kanisani, wasije wakasema nimewanyang'anya mtu wao. Ukija nibebee unga wako wa wimbi, wa hapa haunishibishi. Tangi liko pale pale na kiti chako kiko mbele yake. Sifuna alitaka kulificha lile gunia la CAN kabla hujafika. Nikamkatalia, nikamwambia mama hafichwi vitu nyumbani kwake.

Akupendaye,
Sally, mama wa mjukuu wako.